Jina la mti «secuoya» limetoka wapi?

Katika kamusi ya Kihispania mna jina moja la mti ambalo latufaa sana sisi tunaopenda kuchunguza asili ya maneno. Jina lenyewe ni secuoya. Ndilo jina la miti mikubwa kupita yote duniani, inayoota upande wa magharibi wa Marekani, hasa katika California. Kamusi ya Akademia ya Madrid yasema wazi kwamba neno hili limeazimwa kwa Kiingereza, sequoia. Msomaji akiishia hapo hatashangaa, maana Kiingereza kimeyapa mataifa mengi maneno. Lakini akikumbuka kwamba California ilikuwa zamani nchi ya Wahispania, na kwamba miji yake hata leo yaitwa San Francisco, Los Angeles, Santa Cruz, Sacramento, hapo ataanza kuuliza. Je, Wahispania hawakuuona mti huo? Na kama waliuona, waliuitaje? Kwa sababu gani wao na warithi wao Wameksiko wakae kivulini mwake karibu miaka 80, kisha waende kwa jirani kuazima jina?

Haya ndiyo tunayotaka kuyajibu hapa. Na tangu mwanzo tuwaombe wasomaji wetu watenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Asili ya neno ni jambo moja. Njia neno lilikopitia ni jambo jingine. Mtoto aweza kuzaliwa Kindu, akaletwa Bukavu na mjomba wake kwa njia ya Kisangani. Ukimwuliza alikotoka, je, akujibu Kindu au Kisangani? Majibu yote mawili ni kweli, lakini si jibu la swali moja.

Kwanza tuujue mti wenyewe. Watu husema secuoya juu ya miti miwili iliyo ndugu. Wa kwanza waota karibu na bahari, mahali penye ukungu mwingi, toka mpaka wa Oregon hata kusini ya Monterey. Huu ndio mrefu kupita miti yote iliyopimwa. Mmoja wao wapita mita 115. Wa pili waota milimani, katika Sierra Nevada. Urefu wake ni pungufu kidogo, lakini unene wake ni wa kutisha. Ule uitwao General Sherman una mita 83 na zaidi toka chini hata juu, wala haujulikani mti mwingine wa shina moja wenye ubao mwingi kama huo. Ganda la mti wa milimani laweza kufika unene wa sentimita 60, ndiyo maana moto wa msituni wapita nao mti wabaki. Juu ya umri, wataalamu wamehesabu duara za miaka katika mashina yaliyokatwa, wakakuta moja lililopita miaka 3,200. Mti huo ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa siku Daudi alipotawala Yerusalemu. Mwisho tushike jambo moja ambalo litaturudia: ubao wa miti hii ni mwekundu.

Sasa tuwatazame Wahispania. Mwaka 1769 Gavana Gaspar de Portolá aliongoza msafara wa nchi kavu toka San Diego kwenda kaskazini kuitafuta bandari ya Monterey. Pamoja naye alikuwapo Padri Juan Crespí, Mfransiskani, mzaliwa wa kisiwa cha Mallorca, aliyekuwa mwanafunzi na mwenzi wa Padri Junípero Serra, yule aliyetangazwa Mtakatifu na Papa Fransisko mwaka 2015. (Serra mwenyewe hakuwa katika safari hiyo, alibaki San Diego. Na jina lake Junípero, alilolitwaa kwa heshima ya Bruda Junipero mwenzi wa Fransisko wa Assisi, ni jina la mti! Kumbe, watu hupewa majina ya miti, na miti, kama tutakavyoona, hupewa majina ya watu.) Padri Crespí aliandika kila siku mambo ya safari: maji, majani, vijiji, urefu wa mwendo, na Mtakatifu wa siku ile. Maandiko yake ni hazina, kwani alikuwa mtu wa kuangalia, si wa kupamba maneno.

Tarehe 8 Oktoba walifika kwenye mto mmoja, karibu na mahali ulipo leo mji wa Watsonville. Wakakuta kijiji kimechomwa moto na wenyeji wenyewe, ambao walikuwa wameogopa wakakimbia. Kati ya vitu vilivyobaki waliona ndege mkubwa aliyejazwa majani makavu. Basi askari wakauita mto ule Río del Pájaro, yaani Mto wa Ndege, na hata leo waitwa Pajaro, ijapokuwa Padri Crespí alikuwa ameuweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Anna. Siku mbili nyuma yake, tarehe 10 Oktoba 1769, wagonjwa wa kiseyeye walikuwa wengi mno, wengine wakibebwa, na msafara haukuweza kwenda mbali. Hapo ndipo Padri aliandika kwamba wamepita kati ya miti mirefu sana yenye rangi nyekundu, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua, na kwamba kwa sababu ya rangi ya ubao wake wameiita palo colorado. Neno palo kwa Kihispania ni mti au kijiti, na colorado ni -enye rangi nyekundu. Ndilo jina lilelile la jimbo la Colorado.

Tuangalie vizuri jina hili lilivyozaliwa. Watu wamechoka, wana wagonjwa, wako katika nchi wasiyoijua, na wenyeji ambao wangeweza kuulizwa wamekimbia. Wanauona mti, wanausemea lile ambalo macho yanaliona: mti mwekundu. Hilo si kosa. Lakini jina la namna hiyo lina udhaifu mmoja, nao tutauona karibuni.

Mwezi uliofuata msafara ulipiga kambi karibu na mti mmoja wa aina hiyohiyo uliosimama peke yake uwandani, ukionekana toka mbali. Wakauita El Palo Alto, Mti Mrefu. Mji wa Palo Alto umepata jina lake hapo. Mti wenyewe ungali hai, na Chuo Kikuu cha Stanford, kilichojengwa jirani, kimeuchora katika muhuri wake. Baadaye Wafransiskani waliutumia ubao mwekundu kwa kazi zao. Misioni ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanzishwa mwaka 1776 mahali ulipo mji wa San Francisco, ina kanisa la zamani ambalo mihimili ya paa lake ni ya mti huo. Na katika zama za Wameksiko, milki moja ya vilimani, mashariki ya ghuba ya San Francisco, iliandikwa katika hati za mwaka 1835 kwa jina la Laguna de los Palos Colorados, Ziwa la Miti Myekundu.

Basi twaona kwamba Kihispania kilikuwa na jina, tena la kwanza kuandikwa na Mzungu yeyote, tena kutoka kalamu ya padri. Lilipotelea wapi?

Sisi twaona sababu mbili. Ya kwanza ni udhaifu tuliousema. Wahispania walikuwa wametawanyika Amerika nzima, na kila walikokwenda walikuta miti yenye ubao mwekundu. Katika kisiwa cha Puerto Rico kuna palo colorado ambao hauna ujamaa wowote na ule wa California. Hata Amerika ya Kusini wako wengine. Jina linaloeleza tu rangi ni kama kumwita mtu «yule mrefu»: kijijini kwenu latosha, sokoni halitoshi. Ya pili ni siasa. Mwaka 1848, kwa mapatano ya Guadalupe Hidalgo, Meksiko iliyoshindwa vitani iliitoa California kwa Marekani. Mwaka uleule habari ya dhahabu ikaenea, na maelfu ya watu wasemao Kiingereza wakamiminika. Hao nao wakauita mti redwood, maana yake ileile, mti mwekundu. Palo colorado likabaki katika majina ya mabonde na vijito, kama mawe ya nyumba iliyobomoka.

Hapo jina jingine lilikuwa limekwisha kutungwa, tena mbali kabisa, mjini Vienna, katika Austria.

Mnamo mwaka 1794 Archibald Menzies, mganga wa merikebu ya Kiingereza, alikuwa amechuma matawi ya mti wa pwani na kuyapeleka Uingereza. Mwaka 1824 David Don aliueleza kwa Kilatini, akauweka katika ukoo wa Taxodium na kumwongezea jina sempervirens, yaani wenye majani mabichi siku zote. Lakini ukoo ule haukuufaa. Mwaka 1847 Stephan Endlicher, katika kitabu chake Synopsis Coniferarum, aliutoa katika ukoo ule, akaufanyia ukoo wake wa peke yake, akauita Sequoia.

Huyu Endlicher apaswa kujulikana na wanaseminari. Alizaliwa mwaka 1804 Pressburg, mji uitwao leo Bratislava. Alisoma Teolojia, akapata Daraja ndogo, kisha akaacha njia ya upadri. Akaenda kufanya kazi katika maktaba ya Kaisari, akiyapanga maandiko ya zamani. Baadaye akapewa ualimu wa elimu ya mimea na shamba la miti la Chuo Kikuu cha Vienna. Si hayo tu. Alikuwa mpenzi mkubwa wa lugha. Mwaka 1845, miaka miwili mbele ya kutoa jina la Sequoia, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kichina. Mtu mmoja, basi, mwenye mambo mawili moyoni: miti na mwandiko wa mataifa. Tukumbuke hilo.

Endlicher hakueleza jina lake jipya. Aliandika Sequoia, akaendelea na kazi. Alifariki mwaka 1849, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Kwa sababu hiyo wataalamu wamebishana mpaka siku zetu.

Wengi husema: jina hili ni heshima kwa Sequoyah, mtu wa kabila la Wacherokee. Josiah Whitney, mtaalamu wa mawe na milima wa California, alikwisha kuliandika hivyo katika kitabu chake juu ya Yosemite mwaka 1868. Wengine husema: hapana, Endlicher alilitoa katika Kilatini, tendo sequor, «nafuata», kwa kuwa hesabu ya mbegu zilizo chini ya magamba ya tunda lake yafuata utaratibu fulani kati ya miti ya jamii ile. Fikira hii ilitetewa kwa nguvu mwanzoni mwa karne hii yetu. Mwaka 2017 mtafiti mmoja wa Marekani aliyachungulia tena maandiko ya Endlicher, akarudi upande wa Sequoyah.

Sisi twasimama upande huo wa Sequoyah, na sababu yetu kila mwanaseminari wa darasa la tatu aweza kuipima. Chukua sequor, sequi, secutus sum. Kilatini kimezaa humo sequela, sequax, consequentia, secundus. Wapi katika Kilatini umeona tendo likizaa jina kwa mwisho wa -oia? Endlicher alikuwa amekula Kilatini tangu ujana wake, aliandika vitabu vizima kwa lugha hiyo. Kama angalitaka jina la «kufuata», asingalikosa la kulitunga vema. Kumbe, Sequoia ni jina la Sequoyah lililovaa nguo za Kilatini, bila nguvu yoyote. Tena aliyelivika ni mtu aliyependa miandiko ya mataifa, na Sequoyah jina lake lilijulikana kwa jambo moja tu, yaani mwandiko. Kwetu hilo latosha kuinamisha mizani, ijapokuwa hati yenye mkono wa Endlicher haikuonekana.

Sequoyah alikuwa nani? Alizaliwa karibu mwaka 1770, katika nchi iitwayo leo Tennessee. Alikuwa kiwete wa mguu mmoja, kazi yake kufua fedha. Hakujua kusoma Kiingereza. Lakini aliwaona wazungu wakipelekeana karatasi, na karatasi ikasema mahali asipokuwapo mtu. Watu wa kwenu wakadhani ni uchawi au ni kipaji walichopewa wazungu peke yao; yeye akasema ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono yaweza kujifunzwa. Karibu mwaka 1809 akaanza. Kwanza alijaribu kutunga alama moja kwa kila neno, akashindwa, maana maneno hayana mwisho. Ndipo alipotega sikio vizuri zaidi akatambua kwamba maneno yote ya lugha yake yajengwa kwa vipande vichache vinavyorudi-rudi, yaani silabi. Akazihesabu, akatunga alama kwa kila moja. Mwaka 1821 alikuwa nazo 86, na baadaye zilipunguzwa kuwa 85.

Makatekista wetu wataelewa mara moja uzuri wa jambo hili. Wao wamewafundisha watoto na watu wazima ba, be, bi, bo, bu, na wanajua kwamba Kiswahili chatembea kwa silabi kama mtu apandaye ngazi. Sequoyah alifika hapo peke yake, bila mwalimu. Alama nyingine alizitunga; nyingine alizichukua katika kitabu cha Kiingereza alichokuwa nacho bila kujua kukisoma, akazipa sauti zake mwenyewe. Hivyo ile inayofanana na D ni a, inayofanana na R ni e, inayofanana na W ni la. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa binti yake mdogo, Ayoka. Wazee walipokataa kuamini, baba na mtoto walitengwa mbali mmoja na mwingine. Mmoja akaandikiwa maneno, mwingine akayasoma bila kukosa. Mwaka 1825 taifa la Wacherokee liliupokea mwandiko huo rasmi, na tarehe 21 Februari 1828 gazeti lao, Cherokee Phoenix, likatoka kwa lugha mbili mjini New Echota.

Jambo moja hapa latuhusu sisi tunaoshughulika na maandiko ya dini. Wamisionari wa Kiprotestanti waliokuwa kwa Wacherokee walikuwa wamepewa mwandiko wa herufi za Kilatini, uliotungwa kwa elimu nyingi na John Pickering, mwanasheria na mtaalamu wa lugha. Watu hawakuutaka. Walijifunza ule wa mfua fedha, nyumba kwa nyumba, bila shule. Samuel Worcester, mmoja wa wamisionari wale, alikuwa na akili ya kuona hivyo. Akautumia mwandiko wa Sequoyah kwa gazeti, nyimbo na Injili, na Agano Jipya lote lilimalizika kuchapwa mwaka 1860.

Yaliyofuata ni machungu. Mwaka 1838 serikali ya Marekani iliwafukuza Wacherokee kwa nguvu ya askari toka nchi yao, wakapelekwa magharibi ya mto Mississippi. Katika safari hiyo na kambi zake wanahistoria wengi wahesabu kama watu 4,000 waliokufa. Sequoyah alikuwa amekwisha kuhamia magharibi mbele ya siku hizo. Katika uzee wake alifunga safari kuwatafuta ndugu zake Wacherokee waliokuwa wamekimbilia Meksiko, akafia huko mwaka 1843. Mti wa California hakuuona kamwe. Lakini mwaka ule California yenyewe ilikuwa bado sehemu ya Meksiko. Hivyo alizikwa katika jamhuri ileile iliyokuwa na miti ambayo miaka minne nyuma yake ingeitwa kwa jina lake, katika nchi ambayo wenyeji wake walisema Kihispania.

Wala mti kupewa jina la mtu asiyehusika nao si ajabu. Mti wa kinkina, ambao sisi watu wa Kivu twaujua kwa kuwa ganda lake latoa kinini, Linnaeus aliuita Cinchona kwa heshima ya Kontesi wa Chinchón, katika Hispania. Tena akaiangusha herufi h ya kwanza, na mpaka leo haijarudishwa.

Sasa twaweza kuifuata njia. Jina lilitungwa kwa Kilatini, lakini lingalibaki katika vitabu vya wataalamu kama miti ya mlimani isingaligunduliwa na watu wasemao Kiingereza. Mwaka 1852 mwindaji Augustus Dowd alifika kwenye kichaka cha miti mikubwa ya Calaveras, na habari ikazunguka dunia. Mwingereza John Lindley aliwahi kuupa mti ule jina: mwaka 1853 akauita Wellingtonia, kwa heshima ya jemadari Wellington aliyefariki mwaka uliotangulia. Wamarekani wakakasirika: mti wao uitwe kwa jina la askari wa Uingereza! Mwaka 1854 Mfaransa Joseph Decaisne alionyesha kwamba ni ndugu wa mti wa pwani, akauita Sequoia gigantea. Mwaka 1939 John Buchholz aliutenga tena katika ukoo wake, lakini hakulitupa jina la zamani. Aliuita Sequoiadendron, yaani mti wa sequoia. Huku nyuma, mwaka 1890, Marekani ilikuwa imeweka hifadhi ya Sequoia katika Sierra Nevada. Picha, vitabu vya safari na magazeti yakalipeleka neno kila mahali, nayo yaliandikwa hasa kwa Kiingereza. Hivyo ndivyo jina la Kilatini lilivyopata miguu ya Kiingereza, likaingia Hispania na Amerika ya Kihispania kana kwamba ni geni kabisa.

Katika Katanga sisi twajua mambo ya namna hiyo. Watawala walikuwa Wabelgiji, shuleni tulifundishwa Kifaransa, lakini tunajifunika bulangeti, neno la Kiingereza. Sababu yake ni reli. Iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, kwa Waingereza, ikabeba vitu pamoja na majina yake. Neno halimfuati mtawala. Lafuata njia ya mizigo.

Kihispania kilipolipokea neno kilifanya kama tufanyavyo sisi: kililivua nguo za kigeni. Kwa kanuni yake herufi q yaandikwa pamoja na u mbele ya e na i tu, basi quo ikawa cuo. Na i iliyo kati ya vokali mbili ikawa y. Sequoia ikawa secuoya, jina la jinsi ya kike. Wengine huandika secoya, bila sauti ya w. Maoni yetu ni kwamba hapo lasikika Kifaransa, kwani Wafaransa hutamka séquoia kama «sekoya». Ikiwa ndivyo, neno moja lilipita milango miwili, na ule wa Kiingereza ndio uliokuwa mpana.

Hata lile jina la Wellington halikufa. Waingereza wangali wanalitumia, na Kihispania nacho kililiazima: velintonia. W imegeuka v, na lile fundo la konsonanti ngt limefunguliwa, ikabaki nt. Sisi tungaliongeza vokali; wao walipunguza konsonanti. Wahispania walikuwa na sababu ya kumkumbuka jemadari huyu, maana alipigana nchini mwao dhidi ya majeshi ya Napoléon mpaka mwaka 1813, wakampa cheo cha Duku wa Ciudad Rodrigo. Mjini Madrid palikuwa na barabara iliyoitwa Velintonia, na katika nyumba yake nambari 3 aliishi mtunga mashairi Vicente Aleixandre, toka mwaka 1927 hadi kufa kwake mwaka 1984. Alipokwisha kupata zawadi ya Nobel mwaka 1977, barabara ilipewa jina lake. Hivyo mti uliopewa jina la askari uliiachia barabara kwa mtunga mashairi.

Kwa hiyo jibu la swali letu lina sehemu zake. Tukiuliza njia, secuoya ni neno la Kiingereza katika Kihispania. Tukiuliza mtungaji, ni la Endlicher wa Vienna. Tukiuliza asili, twaamini ni la Mcherokee aliyefundisha lugha yake kuandikwa. Na tukiuliza ni nani aliyeupa mti jina la kwanza, si mmoja kati ya hao, wala si Padri Crespí. Wayurok, wanaokaa pwani ya kaskazini ya California, na ambao tangu zamani walichonga mitumbwi na kupasua mbao za nyumba katika mti huu, wauita keehl. Neno hilo halikusafiri kwenda popote. Lingali linasemwa pale pale mti unapoota.

Miti yenyewe imesafiri. Karibu na Cabezón de la Sal, katika jimbo la Cantabria kaskazini mwa Hispania, ilipandwa miche ya mti wa pwani katika miaka ya 1940, kwa ajili ya mbao. Haikukatwa. Leo imebaki zaidi ya 800, na tangu mwaka 2003 yalindwa kwa sheria. Wageni huenda kutembea chini yake siku za Dominika, na kibao kilichoko njiani chawaambia kwamba wako kwenye secuoyas.